Mikono Kumi na Miwili Kwenye Sinia Moja

Shule zikiwa zimefungwa mwezi wa Desemba, nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mombasa na Unguja hujaa watoto wa ndugu na wa majirani. Siku mbili tatu za mwanzo mpira na katuni hutosha. Baada ya hapo huanza malalamiko: huyu kamnyang'anya mwenzake rimoti, yule hana la kufanya. Hapo ndipo mzazi, shangazi au bibi anapoweza kuwaita wote jikoni, akawafunga kanga viunoni na kuwapa unga.

Watu wazima wengi husita. Wanaona mapema unga ukitapakaa sakafuni, moto ukiwa karibu na vidole vidogo, na kelele. Hofu hizo zina msingi, na dawa yake ni maandalizi. Anayeoka na watoto sita ana mikono kumi na miwili ya kuipangia kazi, na upangaji huo una uzito kuliko mapishi yenyewe. Mtoto mwenye kazi ya kweli hutulia nayo. Aliyeambiwa akae pembeni atazame tu ndiye atakayechovya kidole kwenye bakuli.

Jambo hili waelimishaji walilishuhudia zamani. Maria Montessori, daktari wa Italia, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mwaka 1907 katika mtaa wa San Lorenzo mjini Roma, mtaa wa familia maskini. Watoto wadogo walimimina maji, wakafagia, wakaandaa meza, wakitumia vyombo halisi vilivyolingana na mikono yao, na walishika kazi hizo kwa umakini uliowashangaza watu wazima. Leo shule zinazofuata njia yake zipo Tanzania na Kenya pia. Jiko la nyumbani linaweza kufanya vivyo hivyo bila ada yoyote.

Anza na nankatai

Keki ndiyo huja akilini kwanza, lakini kwa kundi la watoto wadogo haifai kuwa mwanzo. Mchanganyiko wake ni wa majimaji, mikono haina nafasi ndani yake, na ikiingia kwenye oveni hakuna anayeweza kusema "hii ni yangu". Mkate wa mayai nao unataka mayai yapigwe muda mrefu mpaka yaumuke na kuwa meupe, kazi inayochosha mkono wa mtoto kabla haijafika nusu.

Nankatai ni nyepesi zaidi. Biskuti hizi zenye asili ya India, na ambazo mji wa Surat katika jimbo la Gujarat unasifika kwazo, zimekuwa za nyumbani Pwani kwa muda mrefu, na kuelekea Idi hupangwa sahanini pamoja na visheti na kaimati. Zinahitaji vitu vichache: unga wa ngano, sukari, samli na iliki. Hazina mayai. Kila mtoto hufinyanga zake, akaziwekea alama, akazitambua zikitoka motoni.

Kuna sababu nyingine, nayo iko ndani ya unga wenyewe. Unga wa ngano ukikutana na maji kisha ukakandwa, hutengeneza nyuzi za gluteni, na nyuzi hizo ndizo zinazoupa mkate au chapati uimara. Kwenye biskuti, uimara huo huwa ugumu. Samli haina maji ya kutosha kuunda nyuzi hizo, na mafuta yake huzizunguka chembe za unga. Kwa hiyo hata donge likiviringishwa na mtoto wa miaka minne mara tano, likaanguka mezani, likaviringishwa tena, nankatai itatoka laini. Siagi inaweza kutumika badala ya samli, ila ina maji, takriban asilimia 16, kwa hiyo biskuti zake huwa ngumu kidogo.

Wakishazoea, wapeleke kwenye mikate midogo ya hamira. Kama yupo mtoto asiyeweza kula ngano, jaribuni mkate wa kumimina, unaotengenezwa kwa mchele, tui la nazi, hamira na iliki.

Kabla ya kuwaita

Kwanza uliza. Mpigie simu mama wa kila mtoto ujue kama kuna anayedhurika kwa maziwa, ngano, mayai au njugu. Samli hutokana na maziwa, hivyo mtoto mwenye mzio wa maziwa atengenezewe biskuti za mafuta ya kupikia, kwenye bakuli lake na trei yake.

Idadi nayo ina kikomo. Mtu mzima mmoja awe na watoto watatu, wasizidi wanne. Wakiwa sita, tafuta msaidizi: dada mkubwa, mjomba, au babu anayependa hadithi. Meza ikiwa ya juu mno kwa watoto, tandikeni mkeka sakafuni, juu yake shuka safi, na sinia katikati. Kupikia chini ni desturi ya nyumba nyingi za Pwani, na mtoto aliyeketi haanguki kutoka kwenye kiti.

Vitu vyote vipimwe na kuwekwa tayari kabla ya watoto kuingia, isipokuwa vile watakavyopima wenyewe. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kungoja huku mtu mzima akitafuta chekecheke kabatini. Andaa pia ndoo ya maji na sabuni karibu, tambara la kila mtoto, na bakuli la takataka.

Halafu mikono. Kila mmoja aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa angalau sekunde 20, kucha ziwe fupi, na nywele zifungwe. Wape na kanuni, pamoja na sababu yake: hakuna kulamba donge bichi. Watu wengi wanajua hatari ya mayai mabichi, lakini unga wa ngano nao ni kitu kibichi. Umetoka shambani, umesagwa, haujapikwa, na unaweza kubeba vijidudu vya maradhi ya tumbo ambavyo hufa kwa moto wa kuoka. Ili kanuni isiwe chungu, weka kibakuli cha zabibu kavu cha kuonja wakati wa kazi. Wadogo zaidi wakatiwe vipande.

Kila umri na kazi yake

Wenye miaka miwili na mitatu wana hamu kubwa na vidole visivyotii bado. Wape kazi za mkono mzima: kumimina unga uliokwisha kupimwa, kutikisa chekecheke, kupangusa meza. Watamwaga. Weka sinia pana chini ya bakuli, na kilichomwagika kirudishwe bila makelele.

Miaka minne na mitano ndiyo umri wa kuviringisha. Hawa wanaweza kuhesabu vijiko, kusawazisha kikombe cha unga kwa mgongo wa kisu cha mezani, kuviringisha madonge kati ya viganja na kuyabonyeza. Kazi hiyo inaimarisha misuli midogo ya vidole, ileile itakayoshika penseli darasa la kwanza.

Kuanzia miaka sita hadi minane, mpe mtoto kinu kidogo na mchi aponde iliki. Wanaoanza kusoma wawe wasomaji wa kundi: andika mapishi kwa herufi kubwa kwenye karatasi, ubandike ukutani, na hakuna hatua inayofuata mpaka msomaji aitangaze. Mtoto aliyekuwa akisoma kwa kulazimishwa hugundua kwamba watu wazima nao wanamngoja.

Waliovuka miaka tisa wapewe mamlaka. Mmoja ashike saa, mwingine akague ukubwa wa madonge, mwingine awe mwalimu wa mdogo mmoja. Lakini mwongozaji mkuu abaki mmoja tu, kwa kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama. Mkiwa watu wazima wawili, kubalianeni kabla nani anatoa maagizo na nani yuko upande wa moto.

Wavulana waingie kazini sawasawa na wasichana. Mikate ya boflo inayoliwa kila asubuhi Pwani, mingi huokwa na wanaume, na mvulana anayejua kulisha nyumba ni faida kwa nyumba yake ya kesho.

Vipimo na hatua

Vipimo hivi hutoa biskuti 40 hivi, na vyote vinapatikana kwenye duka la mtaani:

- Unga wa ngano nusu kilo (vikombe 4 vya mililita 250)
- Sukari ya unga robo kilo (vikombe 2)
- Samli robo kilo (kikombe 1 na kidogo)
- Beking pauda kijiko 1 cha chai
- Iliki iliyopondwa kijiko 1 cha chai
- Chumvi kiasi cha kubana kwa vidole viwili
- Maziwa vijiko 2 vya mezani, yawe akiba

Sukari ya unga isipopatikana, saga ya kawaida kwa blenda au kinu, kisha ichekeche.

Hali ya samli ndiyo inayoamua. Inatakiwa iwe laini bila kuyeyuka. Joto la Dar es Salaam la Desemba huigeuza kuwa mafuta, na samli ya maji hufanya biskuti zitandike kwenye trei zikashikana. Iweke kwenye friji dakika 20, au weka bakuli lake ndani ya beseni la maji baridi. Iringa, Arusha au Nairobi mwezi wa Julai mambo hugeuka: samli huganda, na itabidi ikae karibu na jiko kwa muda.

Hatua ya kwanza, wapondaji waanze na iliki ili harufu yake iwaite wengine. Ya pili, wadogo wachekeche unga, beking pauda na chumvi. Ya tatu, samli na sukari zipigwe kwa mwiko mpaka ziwe nyeupe na nyepesi. Hapa ndipo kundi linapofaa: kila mtoto azungushe mwiko mara 20 huku wenzake wakihesabu kwa sauti, kisha ampokeze anayefuata. Baada ya mizunguko michache kazi imekwisha na hakuna aliyechoka.

Hatua ya nne, tieni iliki, kisha unga kwa mafungu matatu, mkichanganya kwa vidole. Donge la nankatai huonekana kavu mwanzoni na mpishi mgeni hutamani kuongeza maji. Asiongeze. Chukua kiasi ukibane kwenye ngumi: likishikamana, liko tayari. Likivunjika, wape dakika mbili zaidi za kukanda, na likikataa kabisa ndipo kijiko cha maziwa kiingie, kimoja kwanza.

Hatua ya tano, gawa donge katika mafungu sawa, kila mtoto na lake. Wayaviringishe madonge madogo yenye ukubwa wa ndimu ndogo, wayabonyeze kidogo kwa kiganja, na wayapange kwenye trei yakiwa yameachana kwa upana wa vidole viwili. Madonge yakipishana sana kwa ukubwa, madogo yataungua kabla makubwa hayajaiva. Usiyarekebishe kwa siri. Mwite mkaguzi wako wa miaka tisa, awaoneshe wenzake kwa kuweka moja kando ya lingine.

Mwisho ni alama. Mmoja atumie meno ya uma, mwingine ncha ya kijiko, mwingine aweke lozi iliyosagwa kidogo au tone la rangi ya chakula katikati. Kama unatumia karatasi ya kuokea, andika kwa penseli herufi ya kwanza ya jina la kila mtoto kando ya safu yake. Kwa wadogo wengi, hiyo ndiyo herufi wanayoijua kuliko zote.

Moto ni wa mtu mzima

Mwenye oveni aiwashe dakika 10 kabla, nyuzi joto 170 hadi 180 za Selsiasi, na aoke kwa dakika 15 hadi 20. Nankatai nzuri hubaki nyeupe juu, ikapasuka kidogo, na chini ikawa na rangi ya dhahabu. Ikitoka bado ni laini, na anayeishika atadhani haijaiva. Iache kwenye trei dakika 10, itakauka yenyewe.

Asiye na oveni hajakosa kitu. Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga mkavu na safi wa kina cha sentimita mbili au tatu, funika, na uipashe juu ya jiko la mkaa kwa robo saa. Tumbukiza kigae au kistendi cha chuma, juu yake weka trei ndogo ya biskuti, funika kwa mfuniko bapa na upalie makaa juu. Mabibi wa Pwani wameoka keki na mikate ya kumimina kwa njia hii miaka mingi, na kanuni yao ni hiyohiyo: moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Chungulia baada ya dakika 12.

Jiko la mkaa liwekwe uani au mahali penye upepo wa kupita. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na ndani ya chumba kilichofungwa inaua. Chora mstari wa chaki mita moja kulizunguka jiko au mlango wa oveni, na tangaza kwamba huo ni mpaka. Mtoto yeyote, hata mkubwa, haingii ndani yake bila kuitwa. Vipini vya sufuria vielekee ndani, na trei ya moto iwekwe juu ya kabati, mbali na ukingo.

Mtu akiungua licha ya yote hayo, mwagia sehemu iliyoungua maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, ute wa yai, samli wala mafuta, kwa kuwa huzuia joto kutoka na huweza kuingiza uchafu kwenye kidonda. Malengelenge, jeraha la usoni au la mkononi, au jeraha lolote kubwa kuliko kiganja cha mtoto lifikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Lozi na njugu nzima zisipewe watoto walio chini ya miaka mitano, maana zinaweza kuwakaba. Kama unazitumia, zisage.

Dakika za kungoja

Biskuti zikiwa motoni, kundi huvunjika kama halina la kufanya. Andaa jaribio moja. Kwenye chupa ya maji ya nusu lita, mtoto atie kijiko kimoja cha mezani cha hamira, kijiko kimoja cha sukari na maji ya uvuguvugu nusu kikombe. Avalishe puto kwenye mdomo wa chupa, aitikise, kisha muiweke juani. Ndani ya nusu saa hivi puto litaanza kusimama. Waeleze kwamba hamira ni viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa macho. Vinakula sukari na kutoa hewa ya kaboni dioksidi, na hewa hiyohiyo ndiyo inayoumua maandazi na mikate.

Watauliza ilikuwaje nankatai ikapasuka bila hamira. Wasimulie kisa cha Alfred Bird, mkemia wa mji wa Birmingham, Uingereza. Mke wake alidhurika kwa mayai na kwa hamira pia. Mwaka 1843 Bird alitengeneza unga wa kuumulia usio na hamira, unaotoa hewa ukikutana na unyevu na joto, ili mkewe naye apate mkate. Beking pauda ya dukani ni ya ukoo huo. Kisa hiki kinawafikia watoto kwa urahisi kama kuna mwenzao aliyetengewa bakuli lake kwa sababu ya mzio: wanaelewa kwamba mtu anayemjali mwenzake hutafuta njia.

Hesabu, sahani na ufagio

Biskuti zikipoa, wape watoto kazi ya kuzigawa. Arobaini kwa watoto sita ni sita kila mmoja, na nne zinabaki. Waache waamue hizo nne ni za nani. Wengine watataka kumpelekea bibi, wengine jirani wa mlango wa pili. Pwani sahani yenye chakula huvuka mitaa iliyo jirani, hasa wakati wa futari na Idi, ikiwa imefunikwa kwa kawa. Mtoto aliyetumwa na sahani ya biskuti alizooka mwenyewe hujifunza kubisha hodi, kusalimia na kusema nani amemtuma.

Kusafisha ni sehemu ya mchezo, na kama kila mmoja ana tambara lake, meza hukauka kwa dakika tano. Wadogo wafute, wa kati waoshe mabakuli ya plastiki, wakubwa wafagie na kukung'uta mkeka. Vyombo vya moto na visu vibaki kwa mtu mzima. Mara ya kwanza sakafu itahitaji kupigwa deki tena wakishaondoka. Mara ya tatu watakuwa wamejua wenyewe ufagio unapokaa. Biskuti zilizobaki zikiwekwa kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, mahali pakavu, hukaa wiki moja au mbili.

Kwa hiyo, ewe mzazi, chagua Jumamosi moja ya likizo hii. Nunua nusu kilo ya unga, robo ya sukari na robo ya samli, mwombe jirani akuazime watoto wake pamoja na msaada wake wa saa mbili, na uwaache wafanye kazi kwa mikono yao hata pale ambapo wewe ungeimaliza haraka zaidi.